Bando ya Mama Kiema

Kwa wiki tatu tulisoma watu wanane kwa simu moja, na tulijiona wajanja kweli.

Simu ilikuwa yangu. Niliiegemeza kwenye thamosi kubwa ya uji, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, pale ninapouzia katika soko la Voi, mstari wa mwisho kabla ya lango la nyuma. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni wenzangu saba walikuja wakabanana mbele yake, wengine wameketi juu ya leso yangu, wengine wamechuchumaa, na Shanice wangu mgongoni akivuta kola ya yeyote aliyekaribia. Kisha uso wa Mwalimu Obadiah ulitokea kwenye kioo, na nyuma yake ukuta wa nyumba yake mpya kule Ronge, na tukanyamaza kama watoto.

Darasa letu ni la watu wazima tulioachia masomo njiani. Mimi niliachia kidato cha pili. Ndambuki, fundi viatu, anasema yeye hakuachia, ila shule ndiyo iliyomwachia. Mwaka jana tulikuwa tukisomea kwenye chumba cha kanisa, lakini mwezi wa kwanza Mwalimu akahamishiwa shule ya Ronge, na kushuka Voi kila jioni na kupanda tena kukawa hakuwezekani. Hakututupa. Aliomba shirika linalosimamia darasa letu limruhusu atufundishe kwa simu, nalo likakubali kwa sharti moja, kwamba kila kipindi wanafunzi wasipungue wanane. Nasi tulikuwa wanane, hatuzidi hatupungui.

Sasa kwa nini watu wanane wanunue bando nane za intaneti wakati mwalimu ni mmoja na sauti yake ni moja? Hakuna aliyeuliza hata swali hilo. Nyumbani kwetu koroboi moja ilisomesha watoto sita. Tulikaa karibu, tukasikia, tukaandika.

Aliyelalamika alikuwa jirani yangu, Mama Kiema, anayeuza nyanya. Meza yake na kreti langu vimetenganishwa na ndoo tu. Alituambia tunamfukuzia wateja. Alimuuliza Ndambuki kama anataka kuwa daktari wa viatu. Alhamisi ya tatu, Mwalimu alipokuwa anafundisha habari za upepo na mvua, Mama Kiema alipanga nyanya zake mafungu, akayabomoa, akayapanga tena, akinung'unika kwamba masikio yake si ya kukodisha. Mwalimu alituachia swali la kwenda kufikiria: kwa nini Ronge kunanyesha hata mahindi yanaoza, na Voi, hapo chini tu, tunaangalia mawingu yakipita? Akasema jibu ni wiki ijayo.

Halafu akatuomba tusiondoke.

Alionekana amechoka. Alituambia kwamba kila kipindi kikiisha, programu tunayosomea hutoa orodha yenyewe, majina ya waliokuwepo na dakika walizokaa, na orodha hiyo ndiyo shirika linayoiangalia. Akatusomea ya wiki tatu zile. Ilikuwa na jina moja. Mama Shanice Uji, dakika arobaini. Mama Shanice Uji, dakika arobaini. Mama Shanice Uji, dakika thelathini na tisa.

Mtu alicheka, kisha akaacha.

Mwalimu alikuwa ameandika barua kueleza kwamba nyuma ya jina hilo tuko wanane. Walimjibu kwa upole kwamba wanamwamini, lakini wao pia wana wakubwa, na wakubwa hao wanataka orodha. Walikuwa wametupa nafasi moja. Alhamisi ijayo yaonekane majina manane, kila moja lisipungue dakika thelathini. La sivyo, tutaunganishwa na darasa la Mwatate, ambalo hukutana darasani, saa kumi na mbili jioni.

Wenzangu wengine walisema Mwatate si mbali. Kwao labda. Mimi nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na baba yake, Muinde, yuko Kishushe kwenye migodi, anarudi mara moja kwa mwezi gari likipatikana. Kwenda Mwatate jioni na kurudi gizani na Shanice mgongoni, ningeweza mara ya kwanza na ya pili, ya tatu ningebaki nyumbani. Najijua. Na mtihani ni Novemba. Nikikipata kile cheti cha kidato cha nne nitakwenda kusomea ualimu wa chekechea, na hilo si jambo ninalolisema kwa watu, lakini nimeshachagua hata nyimbo nitakazoanza nazo asubuhi. Usiku ule nilimwimbia Shanice mmojawapo mpaka akalala, nami nikabaki macho.

Bando ya kutosha video ya dakika arobaini, mara nane, kwa siku moja, ni pesa nyingi, na miongoni mwetu kulikuwa na mfua nguo, mbeba mizigo na Bonface, kibarua wa mjengo, ambaye wiki hiyo hakuwa na kazi. Lakini mimi huzunguka soko zima na uji kila asubuhi, na anayezunguka na uji hujua mengi. Najua kinyozi hununua bando ya siku nzima ili apige muziki, na ikifika saa tisa wateja wanataka mpira redioni, bando inakaa tu. Najua dada wa kibanda cha pesa hupewa bando kazini, na yeye simu yake ni ya kupiga na kupokea. Najua Mwandawiro, wa bodaboda, hununua kubwa kubwa kwa sababu ya ramani, lakini Voi hii anaijua kwa miguu. Kila siku, saa sita usiku, bando hizo hufa zikiwa nzima, na wenyewe wamelala.

Basi Ijumaa nilianza kuuza uji kwa namna nyingine. Niliwaambia wateja wangu, Alhamisi ikifika saa kumi, chochote ambacho kingekufa usiku nisambazie kwa simu mimi au mwenzangu nitakayekutajia, na Ijumaa asubuhi kikombe chako ni bure. Walicheka sana. Kinyozi akataka kujua kama uji huo wa bando una sukari au ni wa mgonjwa. Dada wa kibanda akauliza kama anaweza kupata viwili, chake na cha mama yake. Mwandawiro alisema yeye hajui kusambaza, lakini atawasha hotspot pale anapoegesha pikipiki, karibu na lango, na watu watatu waingie, mradi uji wake uwe mzito usiomwagika. Kufikia Jumatano nilikuwa nimepata za kututosha sote. Watano wangesambaziwa. Mimi, Ndambuki na Bonface tungetumia ya Mwandawiro.

Mama Kiema nilimwendea mwisho, kwa sababu nilimwogopa, na kwa sababu ndiye mwenye bando kuliko wote. Mwanawe Kiema anafanya kazi bandarini Mombasa, na kila mwezi humnunulia mamake bando ya mwezi mzima ili Jumapili waonane kwa video. Wanaongea nusu saa. Siku nyingine zote simu hukaa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko wa aproni. Nilimwambia ninachotaka, kidogo tu, ya akiba, kama wengine watapungukiwa.

Hakunikemea. Nilitamani angenikemea.

"Hii si yangu, Mama Shanice, ni ya mtoto wangu," alisema. "Jumapili akinipigia ikatike katikati, nimwambie nini? Kwamba uso wake niliugawa kwa uji?"

Nilisema samahani, nikasogeza thamosi yangu kando kidogo, siku nzima nikawa naona haya kumtazama.

Alhamisi ilipofika hatukuweza kukaa pamoja, maana simu mbili zikikaribiana zinapigiana kelele kama mbwa. Tulitawanyika. Mfua nguo alikwenda nyuma ya duka la mahindi, mbeba mizigo akapanda juu ya magunia yake, Ndambuki akabaki na viatu vya watu chini ya mwavuli wake, hapo karibu na lango. Mimi na Bonface tulibaki upande wa lango tusije tukaikosa hotspot ya Mwandawiro. Kila mtu alivaa earphone, za kuazima nyingi. Saa kumi na moja kamili, Mwalimu akatokea, akatuita majina mmoja mmoja kwa sauti iliyojaa furaha mpaka nikamwonea huruma. Wanane. Tulipungiana mikono ndani ya vioo kama watu walio nchi mbalimbali, na tuko soko moja.

Dakika ya saba, uso wa Mwalimu ukaganda mdomo wazi.

Nilidhani ni kwake. Kisha nikamwona Bonface ametoa earphone, na Mwandawiro anakuja kwa haraka ameshika simu yake mbali na mwili, akisema bando imekwisha, yote, na alikuwa nayo nyingi. Hatukuelewa mpaka Ndambuki alipotokea nyuma yake. Simu ya Ndambuki ni ya mitumba, aliinunua mwezi uliopita, na tangu ainunue haikuwahi kuona kitu kinachofanana na Wi-Fi. Ilipoiona hotspot ya Mwandawiro ilifungua mlango ikaita ndugu zake wote. Ilikuwa inajisasisha. Ilisasisha kila kilichomo ndani yake, programu moja baada ya nyingine, ikala bando mpaka tone la mwisho, na sasa kioo kilikuwa cheusi na kiduara kidogo tu kikizunguka.

"Sikugusa kitu," Ndambuki alisema. "Walahi nilikuwa namwangalia Mwalimu tu."

Nilihesabu bila kutaka. Watano ndani, watatu nje. Nyingine ya kuomba haikuwepo. Kinyozi na wenzake walishatoa zao. Shanice alikuwa anataka kushuka mgongoni, nami nilikuwa nikimtikisa na kumbembeleza zaidi ya alivyohitaji.

Ndipo Mama Kiema akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Leo kuna nini? Wiki tatu mnanijazia kelele, leo mnaziba masikio kila mtu na kona yake. Mwalimu hakufundisha?"

Nilimwambia anafundisha, ni sisi ndio tumetoka, bando imeliwa. Na nikamwambia yale ya orodha na majina manane, maana hakuyajua. Siku Mwalimu alipotueleza, Mama Kiema alikuwa amekwenda kuchota maji.

"Na ile ya mvua? Ameshaisema?"

"Bado, alikuwa anaianza."

Aliangalia meza yake. Aliangalia mlima wa Sagalla pale juu ya mabati, ambako jioni hiyo kulikuwa na wingu limekaa kama kofia.

"Alisema leo atatueleza," alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Mimi nalima Mbololo, huku chini, miaka kumi na tisa. Mahindi yanafika hapa" — akagusa goti — "halafu yanakauka. Nyanya ninazouza ni za huko juu kwa watu. Miaka kumi na tisa nauliza hilo swali, nimepata mtu anasema analijua, mnaniambia bando imeliwa na simu ya Ndambuki."

Ndambuki aliificha simu yake nyuma ya mgongo.

Mama Kiema akatoa mfuko wa plastiki, akaufungua mafundo mawili, akanipa simu.

"Yangu iko ngapi humo?"

Nikatazama, nikamwambia. Ilikuwa nyingi hata baada ya Jumapili mbili zilizobaki mwezini. Nilimwonyesha tarakimu, nikamweleza polepole itakayoliwa na sisi na itakayobaki ya Kiema, na yeye akanifanya nirudie, kidole chake kikiwa juu ya kioo.

"Basi washa. Lakini simu ya huyu," akamwelekezea Ndambuki kidevu, "isiikaribie. Na mimi niingize ndani."

Kwenye kioo chake kulikuwa na picha ya Kiema amevaa ovaroli na kofia ngumu, anacheka, na nilipowasha hotspot nilihisi kama namwomba ruhusa. Mimi na Bonface tukarudi. Kisha nikafungua linki kwenye simu ya Mama Kiema yenyewe, nikachomeka earphone za Ndambuki, nikampa. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika kumi.

Mwalimu alinyamaza katikati ya sentensi.

"Mama Shanice amerudi. Bonface amerudi. Na naona... Kiema? Kiema ni nani?"

Simu ilikuwa na jina la mwanawe, yeye ndiye aliyeiandikisha. Mama Kiema aliishika kwa mikono miwili karibu kabisa na uso, nadhani Mwalimu aliona paji la uso na kilemba tu.

"Kiema yuko kazini," alisema kwa nguvu, soko zima likasikia. "Huyu ni mamake. Endelea na mvua."

"Mama, karibu. Lakini hili ni darasa. Unataka kuandikishwa?"

"Kwani nimeingia humu kununua nini?"

Niliona mabega ya Mwalimu yakicheka kabla ya mdomo wake. Akamuuliza jina lake, lile lake mwenyewe. Nimekaa jirani yake miaka mitatu, nimemwazima chumvi na chenji na mwavuli, na hilo sikuwahi kumuuliza.

"Koki," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Andika Koki. Niliachia darasa la tano."

Mwalimu alisema hilo si neno, atamletea vitabu vya kuanzia hapo, na kwa leo asikilize. Akaandika. Kisha akageukia mvua.

Nitaeleza kama nilivyoelewa. Upepo hutoka baharini umebeba maji ambayo hatuyaoni. Unapita nchi tambarare, unapita Voi, hakuna wa kuusimamisha, unaendelea na mzigo wake. Unapofika milimani hauna pa kupita ila kupanda, na huko juu ni baridi, na upepo ukipoa hauwezi tena kubeba, unautua mzigo. Wanaoishi huko wanapata mvua. Mwalimu alitumia kitabu kilichosimamishwa kuwa mlima na kiganja chake kuwa upepo.

Ndambuki, aliyebaki bila simu, alikuwa amekuja kuchuchumaa karibu na meza ya nyanya. Mama Kiema alimtazama kwa muda, akatoa earphone moja sikioni mwake, akaipangusa kwa aproni, akampa. Wakasikiliza hivyo, sikio moja moja, vichwa vimegusana, watu ambao tangu Januari hawajasalimiana bila kutukanana. Mteja alikuja akauliza fungu la nyanya ni pesa ngapi. Mama Kiema akamwonyesha kwa vidole bila kuinua macho.

Mwalimu aliuliza, basi mkulima wa Voi afanye nini, na kila mtu alinyamaza kwa sababu lilikuwa swali la mtihani. Mama Kiema hakujua kwamba ni la mtihani.

"Aache kupanda mahindi ya watu wa mlimani," alisema. "Apande mtama na ndengu, hizo hazingoji. Mamangu alinipandia hizo huko kwetu Kibwezi, mimi nikaona ni chakula cha zamani." Akautazama mkono wake. "Miaka kumi na tisa, Mwalimu. Nilidhani ni mimi ndiye mwenye mkono mbaya."

"Si mkono wako," Mwalimu alisema. "Ni upepo."

Mama Kiema aliinamisha kichwa.

Ilipofika saa kumi na moja na dakika arobaini Mwalimu alituomba tungoje, akaitoa orodha, akatusomea hapo hapo. Watano walikuwa na dakika arobaini. Mimi na Bonface, ukitoa zile tulizokuwa nje, thelathini na saba. Ndambuki, saba. Nilifumba macho. Kisha akasoma la mwisho: Kiema, dakika thelathini, na kwenye mabano akaongeza mwenyewe kwa kalamu, Koki.

"Manane," Mwalimu alisema. "Na Ndambuki ni wa tisa, tutamtafutia simu yenye adabu."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Shanice alikuwa amepata nyanya kutoka mahali fulani na juisi yake ilikuwa ikinitiririkia shingoni, na sikumzuia.

Siku ya pili nilizunguka na uji nikilipa vikombe nilivyoahidi. Mwandawiro alipewa mzito, ingawa alisema hakustahili. Nilikuwa kwa kinyozi simu ilipolia. Mwalimu alikuwa ameandika kwa kifupi kwamba shirika limepokea orodha, limeikubali, na darasa la Voi linaendelea kwa simu hadi Novemba. Mwishoni aliuliza Koki ana daftari au amtafutie.

Nilirudi nikimwaga uji njiani. Mama Kiema alikuwa anafuta nyanya moja moja kwa kitambaa. Nilimsomea ujumbe wote, na nilipofika kwenye swali la daftari aliinama chini ya meza akatoa moja, jipya, la kurasa mia moja, bado lina stika ya duka. Alikuwa ameshalinunua asubuhi kabla mimi sijafika.

"Lakini kalamu imenikatalia," alisema. "Au ni mkono umesahau. Hebu niandikie wewe hapo juu, jina, halafu mimi nitafuata chini yake."

Nikamwandikia. Akaketi kwenye kreti langu, akafuata herufi ya kwanza, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Wateja wawili walikuwa wamesimama kwenye meza yake. Niliwauzia mimi.